Mkanda Shingoni mwa Mchele

Jalada lilikuwa jembamba. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya maelezo, na bahasha yenye kipande cha mkanda wa lastiki, mweusi, uliokatwa kwa mkasi. Mlalamikaji: Agatha Mmbaga, mjane, mkazi wa Mhezi. Mtuhumiwa: Eliufoo Mrutu, jirani yake, mfuga kuku. Aliyeumizwa: paka.

Askari wa zamu walikuwa wamecheka tangu asubuhi. Sajenti Lydia Kiondo wa upelelezi hakucheka, kwa sababu mkuu wa kituo alimwita ofisini akafunga mlango. Alimweleza kwamba Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, vijana wa ukoo wa mama yule na vijana wa ukoo wa Eliufoo walishikana mashati, na mmoja wao alikwenda nyumbani kuchukua panga. Wazee waliwahi kumzuia njiani. Wiki ijayo huenda wasiwahi. Alitaka jambo hilo limalizwe, tena limalizwe kwa ukweli, maana huko milimani uongo wa polisi hukumbukwa mpaka kwa wajukuu.

Mama Agatha alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, kikapu mapajani, khanga imefungwa juu yake kwa fundo. Alikuwa ameshuka na gari la alfajiri. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Watoto wake wanne wako Moshi, Dar na Mwanza, mumewe alimzika miaka sita iliyopita, na nyumbani alibaki na ng'ombe mmoja na huyo aliyemo kikapuni, Mchele, paka dume mweupe mwenye doa jeusi sikioni.

Maelezo yake hayakubadilika hata aliporudishwa nyuma mara tatu. Mchele alitoweka Jumatano. Alirudi Jumamosi akijikokota, mguu mmoja wa mbele umepita ndani ya mkanda ule, mkanda umelala kuanzia begani hadi chini ya kwapa, umezama kwenye nyama. Yeye hajawahi kumvalisha paka wake kitu chochote. Na Eliufoo alisema kwenye mashine ya kusaga, mbele ya watu, kwamba paka yule ataona ambacho hajawahi kukiona.

"Mkanda uliukata mwenyewe, mama?" Lydia aliuliza.

"Mwenyewe. Nikauweka kwenye kitambaa safi. Nilijua mtauhitaji."

Lydia aliandika hilo kwa heshima. Mashahidi wengi aliokutana nao kazini wangeutupa.

*

Daktari wa mifugo, Rodgers, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo hapo Same mjini, na upepo wa mchana ulikuwa ukipuliza vumbi chini ya mlango. Alimlaza Mchele juu ya meza ya bati, akaosha kidonda taratibu huku akimnong'oneza kwa Kipare. Mama Agatha alishika kichwa cha paka kwa mikono miwili, asitazame.

Rodgers alisema kidonda cha namna hiyo amekiona mara nyingi. Mkanda wa lastiki humdanganya mtu: anadhani kwa kuwa unavutika, paka akinasa atajivuta atoke. Kumbe paka hujikuna, mguu huingia katikati, na lastiki humbana kwapani kama msumeno. Haimuui siku hiyo. Humla polepole.

Lydia aliomba kioo cha kukuzia, akaupeleka mkanda dirishani. Alikaa nao muda mrefu.

Jambo la kwanza, lastiki ilikuwa imefunikwa kitambaa chepesi ili isikwaruze, na kitambaa kilikuwa kimepindwa. Mtu anayetaka kumdhuru mnyama hutumia waya wa mtego. Hapindi pindo. Jambo la pili, mshono wa kwanza ulikuwa umefichwa ndani, na wa mwisho umefungwa mara tatu kwenye tundu lile lile, kama fundi cherehani anavyofanya ili uzi usifumuke. Lakini mishono ya katikati ilikuwa ikiyumba kama ya mtoto anayejifunza. Mirefu, mifupi, mmoja umekosea ukatobolewa tena. Jambo la tatu, mishono yote ilikuwa imelala upande wa kushoto, kama ya mtu ashonaye kwa mkono wa kushoto. Na la nne, ndani ya pindo kulikuwa na chembe nyeupe. Alizikwangua kwa kucha, akanusa. Sabuni ya mche. Akaandika kwenye daftari: *Ulifuliwa?* Kisha akakikoleza kiulizo.

"Kichwa cha aliyeshona kinajua kazi," alimwambia Rodgers. "Mkono wake ndio haujui."

"Wawili basi? Mmoja anaelekeza, mwingine anashona?"

Inawezekana, Lydia alisema. Ila kwa sasa alitaka kujua Mchele huenda wapi. Mama Agatha alijua tu kwamba paka hutoka baada ya kunywa maziwa ya asubuhi na kurudi ng'ombe akikamuliwa jioni. Kumfuata kwa miguu haiwezekani. Atapita chini ya migomba, juu ya kuta za mawe na katikati ya mibuni, na mtu wa kumfuata atabaki amesimama kwenye mteremko akihema. Lydia aliwahi kusoma habari za vifaa vya kufuatilia mifugo. Akauliza kama kuna vya paka.

Rodgers alifungua kabati. Alikuwa na vya aina mbili. Cha kwanza kilikuwa kidogo kama kishikizo cha koti, hakina uzito wowote, lakini akasema kwamba hicho husikika tu kinapopita karibu na simu za watu. Mjini kingefaa. Mhezi, shambani, kitanyamaza kutwa. Cha pili kilikuwa na GPS na laini ya simu, alichokiagiza Arusha kwa ajili ya mbwa wa mteja ambaye hakukifuata. Kilikuwa na uzito wa gramu thelathini. Palipo na mtandao hutuma alama mara moja; pasipo na mtandao huzihifadhi, kikifika mahali penye mtandao kikazituma zote kwa pamoja.

Alimpima Mchele kwenye mizani ya duka. Kilo tatu na robo tatu. Akafanya hesabu kidogo kwenye kiganja, akasema kifaa hakifiki hata sehemu moja katika mia ya uzito wake, kwa hiyo hakitamchosha shingo. Angekuwa mtoto wa paka angekataa.

Ikabaki mkanda wa kukishikia. Lydia alichagua ule wa ngozi, wenye kifungo cha chuma, mnene na imara. Rodgers akatikisa kichwa.

"Nahitaji kisidondoke," Lydia alisema. "Kikipotea njiani, sina upelelezi."

Rodgers hakubishana. Aliufunga mkanda wa ngozi duara, akaupitisha kwenye msumari wa ukutani, akauning'iniza mfuko wa pumba uliokaribia kilo nne. Mfuko ukaning'inia, ukajizungusha taratibu. Walingoja. Mkanda haukuachia.

"Huyu amenasa kwenye tawi," alisema. "Ameshakufa."

Akachukua mwingine, wa utepe mwepesi, wenye kifungo cha plastiki kilichotengenezwa kuachia kikivutwa kwa nguvu. Akauning'iniza mfuko ule ule. Kifungo kikalia *tak*, mfuko ukaanguka sakafuni, pumba zikamwagika.

"Na huyu yuko nyumbani anakunywa maziwa. Kifaa utakikuta kwenye tawi, au hutakikuta. Chagua, afande."

Mama Agatha aliinua macho akamtazama Lydia. Lydia aliukunja mkanda wa ngozi akaurudisha kabatini. Kisha akamwomba Rodgers amfundishe kuuvalisha ule wa kuachia: uwe mwembamba, usiwe na kengele wala kitu cha kuning'inia, na vidole viwili vipite kati yake na shingo, visipungue wala visizidi. Ukiwa umelegea, paka ataingiza taya au mguu, na watarudi palepale walipoanzia.

Lakini wangesubiri siku kumi, kidonda kifunge kwanza. Mchele alirudi kikapuni na bandeji kifuani.

*

Lydia hakuzipoteza siku hizo kumi. Alipanda Mhezi, akaenda moja kwa moja kwa Eliufoo.

Alimkuta akigongelea wavu wa banda la kuku, ukungu wa asubuhi bado haujaondoka juu ya bonde. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alipokea shikamoo yake, akamletea kigoda, akaendelea na kazi. Nyundo ilikuwa mkono wa kushoto.

Lydia aliliona hilo, ila hakuanza nalo. Aliuliza habari za kuku. Eliufoo akaeleza kwamba mwezi wa nne alipoteza vifaranga kumi na moja, na akamwona paka wa mama Agatha amekaa juu ya ukuta wa banda kila asubuhi, anatazama ndani. Ndipo alipokasirika akasema aliyoyasema pale mashineni. Baadaye aliweka mtego, akanasa kicheche. Tangu hapo hajapoteza kifaranga hata kimoja, na paka bado anakuja kukaa ukutani. Hakurudi mashineni kuwaambia watu kuhusu kicheche. Hapo alikosea, alisema. Sasa watu wakimpita njiani wanaitikia salamu yake huku wakitazama pembeni, na kanisani benchi lake limekuwa na nafasi nyingi.

Lydia alitoa sindano, uzi na kishikizo mfukoni, akamwomba amshonee kishikizo kwenye kitambaa. Eliufoo alimtazama, akaweka nyundo chini. Alijaribu kutunga uzi mara saba. Alipofanikiwa, alikifunga kile kishikizo kwa fundo kubwa kama la gunia la mahindi, na damu kidogo kidoleni.

"Afande," alisema, "nilisema nitampiga. Sikusema nitamshonea nguo."

Lydia aliandika maneno hayo kama yalivyo, akamwondoa mtuhumiwa wake wa pekee moyoni, lakini si kwenye jalada.

*

Siku ya kumi na mbili, saa moja asubuhi, Mama Agatha alimshika Mchele, Lydia akamvalisha. Vidole viwili. Paka alijikuna, akatembea kinyumenyume hatua nne kama anayetaka kuuacha mkanda nyuma, kisha akasahau. Alipomaliza maziwa aliruka ukuta akapotea.

Saa nne alama kwenye simu ya Lydia zilisimama mahali pamoja. Saa tano bado zilikuwa palepale. Mama Agatha alikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono imefumbata magoti, na saa sita aliinuka, akachukua fimbo. Waliteremka pamoja katikati ya mibuni, Lydia akisoma simu, mama akiita jina la paka kwa sauti ya chini.

Waliukuta mkanda. Ulikuwa umenasa kwenye tawi la mbuni lililovunjika, kimo cha kifua cha mtu, kifungo kimeachia. Manyoya matatu meupe yalikuwa kwenye gome, na chini, ardhini, alama za kucha mahali alipoangukia na kukimbia. Mama Agatha aliushika ule utepe akaufunga kifungo, akauvuta, ukaachia. Akaufunga tena. Jioni, Mchele aliporudi wakati wa kukamua, mzima, mkia juu, mama alimbeba akaingia naye ndani na hakutoka kwa muda.

Lydia alilala hapo, chumba cha watoto. Asubuhi walimvalisha tena.

Safari hii alama zilikuja kwa mafungu. Saa moja na dakika arobaini, ukuta wa banda la Eliufoo, kwa nusu saa. Mama Agatha alipumua kwa nguvu, akataka kusimama. Lydia akamwomba angoje. Alama zikaondoka ukutani, zikashuka mteremko, zikapita kando ya ndiva, lile bwawa la wazee la kumwagilia mashamba, zikanyamaza. Mtandao ulikuwa umekatika bondeni. Hawakupata kitu mpaka saa kumi kasoro, paka alipopanda tena kwenye kilima, na simu ikatetemeka mara ishirini na tatu mfululizo.

Alama ishirini na tatu, zote juu ya paa moja chini ya ndiva. Tangu saa nne hadi saa tisa.

"Nyumba ya nani, mama?"

Mama Agatha aliitazama ramani, akairudisha simu. "Ya Sifael," alisema. "Lakini pale hakuna wa kumshika paka. Sifael alipata kiharusi mwaka jana. Hasemi, hatembei. Yuko na binti yake tu."

*

Binti huyo, Careen, Lydia alimkuta asubuhi iliyofuata shambani, akipalilia maharage na nguo imefungwa kiunoni. Alijibu maswali bila kuinua jembe juu sana, kama mtu asiye na nafasi ya kupumzika. Hapana, hawana paka. Hajawahi kuona paka. Hutoka nyumbani kabla ya saa tatu, akishamlisha baba na kumkalisha dirishani, hurudi saa kumi. Baba hutazama nje kutwa. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia pia. Miezi ya kwanza watu walikuja, sasa hawaji. Daktari alimwambia ajitahidi kumpa baba kitu cha kufanya kwa mkono mzima, akampa mpira wa kubonyeza. Baba aliutupa chini.

"Alikuwa na kazi gani?" Lydia aliuliza, ingawa alishaanza kukisia.

Careen aliegemea jembe. Fundi, alisema. Fundi wa Mhezi nzima. Nguo za kwaya, sare za shule, suti za maharusi. Alikuwa akichora kitambaa kwa kipande cha sabuni, anakata kwa jicho bila kupima, na hakosei. Sasa hata kijiko anakishika kama mgeni.

Lydia alikaa juu ya jiwe, akafungua daftari. Alipitia mambo yake manne. Mishono ililala kushoto kwa sababu mkono wa kushoto ndio uliobaki. Iliyumba kwa sababu mkono huo haukuwahi kushona. Mwanzo na mwisho wake ni wa fundi kwa sababu kichwa hakikupooza. Sabuni haikuwa ya kufulia. Mwenye mkono mmoja huichomeka sindano kwenye mche wa sabuni isimame, ndipo apitishe uzi. Na lastiki, kile kitu kibaya kuliko vyote kwa shingo ya paka, ilichaguliwa kwa sababu moja tu: mkanda wa kufunga unahitaji mikono miwili. Wa lastiki unaupitisha kichwani kwa mmoja.

Hakumwambia Careen lolote, isipokuwa kumwomba ruhusa ya kuingia nyumbani saa sita mchana pamoja na Mama Agatha. Careen alimtazama kwa wasiwasi, akasema mlango una komeo tu, ila hawatapata wa kuzungumza naye.

Kabla ya hapo palikuwa na njia nyingine ya kupitia. Lydia alimweleza Mama Agatha kwamba ameshamjua aliyeshona mkanda, na si Eliufoo, na kwamba hataenda naye hatua moja zaidi mpaka jambo la Eliufoo liishe. Mama alitembea hadi getini kwa jirani yake peke yake. Lydia alisubiri njiani, mbali kidogo. Aliona mama akisema, Eliufoo akisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha Eliufoo naye akasema kwa muda, huenda ilikuwa habari ya kicheche, kwa sababu mama aliweka kiganja mdomoni. Walishikana mikono. Jumapili, mama alisema aliporudi, atayarudia maneno yale yale mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndiko alikomchafua.

*

Komeo lilifunguka bila kelele. Mzee Sifael alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, blanketi magotini, na juu ya blanketi Mchele alikuwa amelala chali. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa ukipita juu ya tumbo la paka, ukienda na kurudi. Alipowaona, mkono ule ulikimbilia blanketi ukafunika kitu.

"Shikamoo, kaka," alisema Mama Agatha.

Midomo ya mzee ilihangaika upande mmoja. "Ma… haba."

Lydia alipiga magoti mbele yake, akamwamkia, akajitambulisha kwa jina bila cheo. Alitoa bahasha, akaweka ule mkanda wa lastiki juu ya kiganja chake ili auone. Mzee aliutazama, kisha akaitazama shingo ya paka, ambako sasa kulikuwa na mkanda mwingine.

"Ni wewe uliyeushona, baba?"

Alikubali kwa kichwa.

"Kwa nini?"

Alionyesha dirisha, njia iliyopita chini yake, watu wapitao. "Wali… sema," alisema. "Wata… mpiga." Akameza mate, akaanza tena, na neno hili alilitoa zima: "Wasimpige."

Ilibidi Lydia aunge vipande. Watu walipita njiani wakitoka mashineni, wakacheka kwamba Eliufoo atamuua yule paka mweupe anayezurura. Mzee alisikia. Alidhani paka hana mwenyewe. Paka mwenye mkanda shingoni ana mwenyewe; kila mtu anajua hivyo, na mtu hufikiri mara mbili kabla ya kumrushia jiwe.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko upelelezi wote. Lydia angeweza kunyamaza. Lakini fundi asiyejua kosa la mshono wake atalirudia. Akamwambia polepole, bila kuzunguka: lastiki ilipanda, mguu ukaingia, ikamkata kwapani siku tatu.

Uso wa mzee ulibadilika upande wake mzima. Machozi yalimtoka, na mkono ukaondoka juu ya paka, ukabaki hewani, kama usiojua tena kama una ruhusa.

Mama Agatha alikuwa na maneno aliyoyaandaa kwa wiki tatu kwa ajili ya mtu aliyemuumiza Mchele. Lydia alikuwa ameyasikia yote, njiani na mezani. Mama alivuta kigoda akaketi. Akauinua mguu wa mbele wa paka, akatenga manyoya kwa vidole, kovu likaonekana, jekundu kidogo, limefunga vizuri.

"Ona, kaka. Kimepona," alisema. "Mwenyewe ni mimi. Sikuwahi kumvalisha kitu, ungejuaje?" Akamkuna paka kidevuni. "Na sisi wa kanisani tulikuja hapa mara moja na unga na sukari, tukaimba, hatukurudi. Huyu ndiye aliyerudi."

Aliushika mkono wa mzee akauweka juu ya kovu. Mchele alifungua jicho moja, akalifumba.

Baadaye, mzee alipotulia, Lydia alimvua paka ule mkanda mpya, akamwonyesha pamoja na sababu zake. Alimpa kifungo. Sifael alikiegemeza kwenye ukingo wa kiti, akakifunga kwa mkono mmoja, akakivuta kikaachia, akakifunga tena. Macho yalikuwa yameshakauka, yamekuwa ya fundi. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa utepe wa dukani, akakunja uso. Ulikuwa mkali. Akalivuta blanketi, na hapo chini palikuwa na mche wa sabuni wenye sindano mbili, roli la uzi, na kipande cha flana laini. Akatazama flana, akatazama utepe, akamtazama Mama Agatha.

"Uutie bitana?" mama aliuliza. "Mbona sawa. Utie."

Ndipo mama akakichomoa kile kifaa cha gramu thelathini kwenye utepe, akakiweka mkononi mwa Lydia. Lydia alianza kumweleza kwamba ukingo wa msitu uko karibu, kwamba paka dume hutembea, kwamba daktari amekubali kikae hata mwaka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mrudishie daktari, mwanangu, na umshukuru. Mkanda nitamwachia, watu wajue ana kwao. Lakini nikimkosa nyumbani mchana, najua pa kupiga hodi. Nitakuja nimsubiri hapa hapa."

Mzee alikuwa ameshaanza. Mama Agatha alishika utepe ukakazika, naye akapitisha sindano, akaivuta kwa meno, akapitisha tena. Mishono ilikuwa bado inayumba, ila si kama ile ya kwanza. Lydia aliwaacha, akasimama mlangoni, na kutoka pale akamwona Careen akipanda njia haraka, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hakuweza kungoja saa kumi. Polisi wanaouliza habari za paka kwa baba yake walikuwa wamemtoa shambani.

Careen aliinama apite mlangoni na mzigo wake, akasimama. Aliona mama wa watu amekaa kigodani, paka magotini mwa baba, flana, sindano, mshono uliokwisha kufika urefu wa vidole viwili. Macho yake yalikwenda kwa Mama Agatha, yakaja kwa Lydia, yakitafuta mkono wa aliyefanya kazi ile.

"Nani anashona?" aliuliza.

Mzee Sifael aliichomeka sindano kwenye sabuni, akaunyoosha mkono wake wa kushoto juu, wima, kama mtoto darasani anayelijua jibu.